Ada ya mwezi si kasoro ya Particle Electron

Tangu kampuni ya Particle ya Marekani ilipoitangaza mwaka 2015 Electron, bodi ndogo ya kielektroniki inayopata intaneti kupitia mtandao wa simu, lalamiko moja halijaiacha: kwa nini mtu anunue bodi, aiandikie programu yeye mwenyewe, kisha aendelee kuilipia kila mwezi kama aliyepanga chumba? Ada ya mwanzo ya laini yake ilikuwa dola 2.99 kwa mwezi, na mteja alipata megabaiti moja tu ya data. Kwa mtu aliyezoea bodi za Wi-Fi kama ESP8266, zinazouzwa kwa bei ndogo na kutumia intaneti ambayo tayari imelipiwa nyumbani, hesabu hiyo inakera.

Kwa kifaa kisichotoka nyumbani, lalamiko hilo ni la haki na sina la kulipinga. Lakini Electron haikutengenezwa kwa ajili ya sebuleni. Ilitengenezwa kwa ajili ya kifaa kinachofungwa kwenye pikipiki, mtumbwi au pampu ya maji iliyo mbali na nyumba yoyote, na huko mpinzani wake ni moduli ya simu ya bei nafuu kama SIM800L, inayotumia 2G, iliyounganishwa na bodi ya kawaida na kutiwa laini ya simu iliyonunuliwa dukani. Wanaoisifu njia hiyo huhesabu bei ya vipande na kuishia hapo. Moduli ya 2G inaporusha mawimbi huweza kuvuta umeme wa hadi amperi 2, kwa vipindi vifupi vinavyojirudia mara 217 kwa sekunde. Ndiyo asili ya mngurumo unaosikika redioni simu inapowekwa karibu. Tundu la USB la kompyuta linalotoa nusu amperi haliwezi kuhimili mvuto huo, hivyo bodi huzima na kuwaka tena, na mtengenezaji hushinda siku nzima akitafuta kosa katika programu ambayo haina kosa. Electron iliuzwa pamoja na betri ya miliamperi-saa 2000 kwa sababu hiyohiyo.

Halafu kuna hiyo megabaiti moja, ambayo nadhani imehukumiwa kabla ya kupigiwa hesabu. Mitandao ya simu huviweka vifaa vingi nyuma ya anwani moja ya intaneti, na njia ya mawasiliano isiyopitisha kitu kwa muda hufungwa. Kwa hiyo kifaa hulazimika kubisha hodi mara kwa mara ili seva iweze kukifikia. Kwa laini ya Particle yenyewe, Electron hubisha kila baada ya dakika 23, na kila hodi pamoja na jibu lake hutumia baiti 122. Kwa mwezi wa siku 30 hizo ni hodi zipatazo 1,880, yaani kilobaiti 229 hivi, na zaidi ya robo tatu ya kifurushi hubaki kwa ajili ya vipimo vyenyewe. Sasa tia laini nyingine, ambayo mtandao wake hufunga njia mapema kiasi cha kukulazimu kubisha kila sekunde 30: hodi zinafika 86,400 na data inapita megabaiti 10, kabla kifaa hakijatuma hata kipimo kimoja cha joto. Ongeza kwamba bando la wiki huisha muda wake hata kama halijatumika, na kwamba nchini Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole vya mtu, ambaye jina lake ndilo linalobaki kwenye laini ya kila sanduku alilolifunga shambani.

Kasoro ya kweli iko kwenye modemu, kipande kinachoongea na mtandao wa simu, iliyochomelewa ndani ya bodi. Kampuni ya simu ya AT&T ilizima 2G mwanzoni mwa mwaka 2017, na kufikia mwisho wa mwaka 2022 kampuni zote tatu kubwa za simu za Marekani zilikuwa zimeizima 3G. Electron ya 3G ikapoteza huko mtandao uleule iliotengenezewa, na hakuna programu inayoweza kurekebisha hilo.

Hata hivyo, huo ni uamuzi wa mitandao ya nchi moja. Afrika Mashariki vitochi bado vinapiga simu kwa 2G, na M-KOPA ya Kenya ilijenga biashara yake ya umeme wa jua wa kulipia kidogo kidogo kwa kuweka laini ndani ya mtambo wa kila mteja. Particle yenyewe, ilipoleta bodi ya Boron baada ya Electron, iliitoa kwa aina mbili: ya LTE, yaani mtandao wa kizazi cha nne, kwa Amerika Kaskazini, na ya 2G na 3G kwa nchi nyingine. Aliyeagiza kutoka huku na kuchagua ya LTE kwa kuwa ndiyo mpya alipata bodi isiyokusudiwa mitandao ya kwake.