Lidice haikudaiwa kitu

Tarehe 27 Mei 1942, Jozef Gabčík na Jan Kubiš, askari wa Chekoslovakia waliofunzwa Uingereza na kurudishwa kwao kwa miavuli, walimshambulia mjini Prague Reinhard Heydrich, Mnazi aliyeitawala nchi ya Wacheki iliyokuwa imekaliwa na Wajerumani, naye akafariki tarehe 4 Juni. Siku sita baadaye Wajerumani walikiangamiza kijiji cha Lidice, karibu na Prague, ambacho hakikuwa na mkono katika shambulio hilo.

Masimulizi mengi hukiita kitendo hicho kisasi, nami neno hilo linanikera. Kisasi, kama tulivyolipokea neno lenyewe kutoka Kiarabu, humfuata aliyetenda, tena kwa kipimo cha alichotenda. Tukisema kwamba jeshi lililokalia nchi ya watu "lililipiza", tumekwisha kukiri kwamba palikuwa na deni, na tumemwachia muuaji atuchagulie maneno ya kumsimulia.

Kinachonirudia kila mara ni magodoro. Wanaume walikusanywa kwenye shamba la familia ya Horák, na magodoro yaliyotolewa majumbani yakaegemezwa ukutani ili risasi zisidunde na kuwarudia wapigaji. Walianza kuuawa watano watano, hata kamanda alipoona kazi inakwenda polepole akaagiza wapangwe kumi kumi. Waliouawa pale ni 173. Mtu aliyepandwa na hasira hakumbuki kutafuta magodoro. Ile ilikuwa kazi iliyopangwa, iliyokusudiwa kuwatisha Wacheki wote waliobaki hai.

Wala isisemwe kwamba sheria ilikuwa bado. Kifungu cha 50 cha Kanuni za The Hague za 1907, zilizoweka sheria za vita, kilikwisha kukataza kuwaadhibu watu wote kwa makosa ya mtu mmoja mmoja, na Mkataba wa Geneva wa 1949 ulikuja kulitamka katazo hilo kwa ukali zaidi. Ndiyo maana siafikiani na wanaowabebesha Gabčík na Kubiš damu ya Lidice, kwa sababu hoja hiyo ni ileile ya mvamizi.

Wanawake walipelekwa kambi ya mateso ya Ravensbrück, Ujerumani. Watoto 82 waliuawa kwa gesi katika kambi ya mauaji ya Chełmno, Poland. Nyumba zilichomwa na kulipuliwa kwa baruti, makaburi yakafukuliwa, hata kijito kikageuzwa njia. Vita vilipokwisha wanawake 143 walirudi, na wengi wao ndipo walipoambiwa kwamba waume zao waliuawa tangu siku ileile. Wakaanza kuwatafuta watoto, na waliopatikana ni 17.