Mvinyo Ulisubiri Saa Tatu

Mbukwenyi ndugu zangu. Mwaka wa saba huu niko Bristol, na likizo iliyopita nilirudi Dodoma kwenye sendofu ya binti wa dada yangu. Kadi ilisema saa 12 jioni. Saa 12 kasoro robo nimeshakaa, peke yangu na mpambaji. Mvinyo mweupe mkavu wa Hombolo, wa zabibu za Chenin Blanc, ulikuwa umelazwa kwenye beseni la barafu, chupa zinatoka jasho. Binti kaingia saa 3 usiku. Barafu imekuwa maji vuguvugu, lebo zinaelea. Mvinyo ule ukiwa baridi unachangamsha ulimi kama ndimu. Ukipata joto, utie kwenye kachumbari.

"Mjomba, umeshakuwa Mzungu, unahesabu dakika!" akanicheka kijana mmoja.

Hapo ndipo ninapokataa. Wazungu hawakuzaliwa na saa mkononi. Hapa Bristol, mtaa wa Corn Street, jengo la zamani la soko la nafaka lina saa yenye mishale miwili ya dakika, mmoja wa London na mmoja wa Bristol, imepishana dakika 10 hivi kwa kuwa jua huanza London ndipo lije huku. Kila mji ulikuwa na saa yake. Kilichowabana ni treni: reli ya Great Western ikashika saa ya London mwaka 1840, lakini mji wa Bristol ukakaza shingo hadi 1852, na sheria ya nchi nzima ikaja 1880. Miaka 40 ya ubishi!

Na sisi tungekuwa na hoja. Jua hufika utosini Dar dakika 14 kabla ya Dodoma, ila saa ni moja, tena imepimwa kwa longitudo ya 45, huko baharini mashariki. Ndiyo maana adhuhuri yetu ya kweli huangukia saa 6 na dakika 37 hivi.

Kuhesabu kwetu saa kuanzia asubuhi nakutetea mchana kweupe. Huku Desemba saa 10 jioni jua linazama, Juni saa 3 usiku watu bado wanaota jua. Utahesabu kutoka macheo yapi? Kwetu saa 1 asubuhi jua lipo, mwaka mzima.

Kuchelewa ni jambo jingine. Siku ya kuondoka, shemeji zangu wale wale waliokuja sendofu saa 3 walinifikisha kituo cha treni ya SGR saa nzima kabla, wanahimizana njiani, "Jamani ataachwa!" Kumbe tunaweza. Sendofu haipigi honi, basi.

Sasa mdogo wake binti naye ameposwa. Dada, nakuomba: kadi andikeni saa 9 alasiri, na chupa zisitoke kwenye friji mpaka gari la binti livuke geti.