Jua letu lisiogopwe tu, lipimwe

Muuza kamba yeyote hapa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, anajua jua linavyoila plastiki. Kamba iliyoachwa juani hupauka, hukakamaa, mwisho hukatika, kwa kuwa mionzi ya urujuanimno huvunja minyororo ya molekuli zake. Ndiyo maana tumezoea kuuona mwanga kama adui wa plastiki. Mimi naona mazoea hayo yanatunyima mengi, hasa nikizitazama kopolima za bloku zinazoitikia mwanga.

Kopolima ya bloku ni minyororo ya molekuli ya aina mbili iliyoungwa ncha kwa ncha, mithili ya kamba ya nailoni iliyofungwa kwenye ya katani. Hiyo minyororo haipatani, na kuachana haiwezi. Basi hujitenga kwa kadiri urefu wake unavyoruhusu, ikijipanga yenyewe kuwa vitufe, silinda au matabaka ya nanomita 10 hadi 100 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Mpangilio huo ndio unaochangia kitu kiwe kigumu au kinyumbuke. Baadhi ya soli za viatu zimetengenezwa hivyo: polistairini ngumu imeshikilia mpira laini.

Sasa pachika azobenzini, molekuli inayobadili umbo ikipigwa na mwanga, kwenye mnyororo mmoja. Molekuli hii imenyooka, urefu wake kama nanomita 0.9. Ikipata mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 365 hivi hujikunja hadi kama 0.55, na mwanga wa buluu au joto huinyoosha tena. Mikunjo mingi ya namna hiyo ikitokea pamoja, kitu kigumu chaweza kulainika, au vitufe vidogo majini vikafumuka na kuachia dawa viliyoibeba. Ni jambo la kustaajabisha kweli.

Lakini maabara hutumia taa ya rangi moja. Jua la Mwanza huleta rangi zote kwa mpigo, na joto juu yake. Azobenzini huambiwa jikunje na jinyooshe saa ileile, ikaishia mchanganyiko wa zote mbili. Kwangu mimi hiyo ni kazi inayotungoja sisi tunaoishi karibu na ikweta. Mwaka 2012 wanakemia walitangaza azobenzini zenye florini: mwanga wa kijani huzikunja, wa buluu huzirudisha, na zikiwa gizani kwenye joto la kawaida hubaki zimejikunja kwa muda mrefu mno. Wanafunzi wetu wa kemia waanzie hapo. Wazipachike kwenye kopolima, watandaze utando wake kando ya ziwa, kisha wapime ni kiasi gani cha azobenzini kimejikunja saa sita mchana, na ni kiasi gani wingu likitanda.