Mfuko mbadala ulipimwa lini?

Tanzania Bara ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, ile tuliyoizoea kwa jina la rambo au malboro, nilikuwa miongoni mwa waliofurahi. Mitaro ilikuwa imeziba, na mvua ikinyesha maji yanaingia hadi chumbani kwa mtu. Muda si mrefu masoko yakajaa mifuko mbadala ya rangi za kuvutia, laini mkononi kama kitambaa. Mpaka leo ukimuuliza mtu sokoni imetengenezwa kwa nini, usishangae akikuambia ni ya nguo. Kumbe ni polipropilini: plastiki iliyoyeyushwa, ikavutwa kuwa nyuzi nyembamba, kisha nyuzi hizo zikagandishwa pamoja bila kufumwa.

Wakenya waliyaona haya kabla yetu. Marufuku yao ilianza tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya aina hii ikaachwa izibe pengo, na kabla miaka miwili haijatimia NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ikatangaza kuipiga marufuku nayo kuanzia 31 Machi 2019. Sababu ni kwamba mingi iliyokuwa ikitengenezwa ilikuwa hafifu mno, haiwezi kutumika tena na tena. Yaani dawa ilihitaji kutibiwa.

Mfuko huu hunijia akilini kila ninaposikia hoja kwamba athari za bidhaa kwa mazingira zipimwe mapema, bidhaa ikiwa bado mchoro mezani. Hoja yenyewe ina nguvu. Ukishachonga kalibu, yaani umbo la kuitolea bidhaa, ukanunua mashine na kuingia mkataba na muuza malighafi, kinachobaki cha kubadilisha ni rangi na nembo. Aina ya plastiki, unene wake, mshikio unashikizwaje, kitu kikiharibika kinafunguka kikatengenezwa au kinatupwa kizima: yote hayo huamuliwa na watu wachache, wakati mnunuzi hana hata habari kwamba bidhaa inakuja. Anayekuja kulalamika baadaye, awe mwananchi au serikali, anakuta fedha za watu zimeshalala humo.

Lakini wanaopinga nao wana la kusema, na pingamizi lao zito halihusu gharama. Wanauliza: siku ya mchoro, nani anajua bidhaa itaishi vipi? Tazama mfuko wenyewe wa plastiki. Ule wenye mikono miwili kama fulana ulibuniwa na Sten Gustaf Thulin, mhandisi wa Sweden, na kampuni yake ya Celloplast ikapata hataza, yaani hati ya kumiliki ubunifu, ya Marekani mwaka 1965. Mwanawe alikuja kusimulia kwamba baba yake aliuona kama njia ya kupunguza ukataji wa miti kwa ajili ya mifuko ya karatasi, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akitembea na mmoja umekunjwa mfukoni ili autumie tena. Mtu huyu aliyafikiria mazingira mapema kabisa. Alichoshindwa kukiona ni kwamba wepesi na unafuu ule aliouchora ndio ungewafanya watu wautumie mara moja na kuutupa.

Tukija kwenye vipimo vya kisasa, tatizo halipungui sana. Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha mwaka 2011 utafiti uliolinganisha mifuko ya aina mbalimbali kwa kigezo cha joto la dunia. Mfuko wa pamba ulipaswa kutumika mara 131 ndipo uwe sawa na mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Ule wa polipropilini isiyofumwa, ndugu wa mfuko wetu mbadala, ulihitaji mara 11, na wa karatasi mara 3. Denmark nao wakapima mwaka 2018: kwa tabianchi peke yake pamba ilihitaji mara 52, lakini vigezo vyote vilipowekwa pamoja, ukiwemo wa tabaka la ozoni, ikaruka hadi mara 7,100. Pamba ni ileile. Kilichobadilika ni orodha ya vitu ambavyo mpimaji ameamua kuvihesabu.

Na kuna kitu ambacho tafiti zote mbili hazikukihesabu: mfuko uliotupwa ovyo. Kwao inaeleweka, kwa kuwa taka zao nyingi huzolewa na kuishia kwenye tanuri au dampo linalosimamiwa. Kwetu, hiyo ndiyo athari iliyoleta marufuku. Mbunifu wa Dar es Salaam akiamini hesabu ile bila kuichambua, angemaliza akisema rambo ndiye bora kuliko wote, na hesabu zake zingeonekana safi kabisa.

Upungufu huohuo umo kwenye takwimu za umeme. Kanzidata kubwa, yaani hazina za takwimu zinazotumika kwenye tathmini hizi, zimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya viwanda vya Ulaya. Anayetengeneza bidhaa Kenya, ambako umeme mwingi hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa na upepo, anaweza kuadhibiwa kwenye hesabu kwa makaa ya mawe ambayo hakuyachoma. Mjasiriamali mdogo hana fedha za kumlipa mtaalamu amrekebishie. Ukimlazimisha alete tathmini kamili kabla ya sampuli ya kwanza, utakuwa umewaachia soko wenye mitaji.

Nimezipima pande zote mbili, na bado nasimama upande wa kupima mapema. Ila tathmini ya mapema isijifanye hukumu. Iwe ni maswali machache magumu, yanayoanzia mwisho wa safari: kitu hiki kikichakaa kitakuwa mikononi mwa nani? Muokota taka atakitaka, au atakiruka? Kitatumika mara ngapi kweli, na mtu wa kipato gani? Maswali hayo hayahitaji kanzidata ya Ulaya. Yanahitaji mbunifu ashuke sokoni na dampo la Pugu, Dar es Salaam, kabla hajafungua kompyuta. Kisha bidhaa ikishaingia mtaani ipimwe tena, kwa sababu Thulin ametuonyesha jinsi nia njema inavyoweza kupotea njia.

Sheria zetu bado zinatazama kwingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kwa miradi: kiwanda, barabara, hoteli. Bidhaa inayotoka kiwandani humo siku hadi siku haiulizwi swali kama hilo. Kenya wamesogea hatua moja kwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayombebesha mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kutumika. Wajibu huo ukisimamiwa kweli, mzalishaji ataanza kuwaza taka akiwa bado anachora, kwa kuwa bili itamrudia.

Kwa mfuko mbadala, kiwango kinachodaiwa hapa ni gramu 70 kwa kila mita ya mraba. Hicho ni kipimo cha uzito wa kitambaa, na ni rahisi kwa mkaguzi. Lakini tulikubali plastiki nyingine kwa matumaini kwamba itatumika safari nyingi, na idadi hiyo ya safari haimo kwenye kipimo hicho. Tia kilo tano za viazi, nyanyua, tembea, tua, rudia mpaka mshikio ukatike, kisha andika namba. Karakana yoyote inaweza kufanya hivyo kwa siku moja, kabla ya kununua mashine. Mfuko utakaofika mbali utauzwa ghali zaidi, najua, na mama anayenunua mboga za siku moja kwa fedha ya siku moja atauchukua ule wa bei ya chini. Hilo nalo lilipaswa kuwa mezani siku ya mchoro.