Benki Inanijua, Fomu Hainijui

Nilikwenda benki kubadilisha namba ya simu. Basi. Sikwenda kuomba mkopo, sikwenda kufungua akaunti ya kampuni, wala sikuwa na mirathi ya mtu mkononi. Simu yangu ilikuwa imeibiwa, nikapata laini mpya, nikataka ujumbe wa miamala uanze kuja huko. Nilipanga foleni dakika 40, nikafika kaunta, nikatoa kitambulisho. Dada wa kaunta akabonyezabonyeza kompyuta yake, akanitazama, akaitazama skrini, kisha akaniita kwa jina langu la tatu, lile ambalo hata jirani zangu hawalijui. Nikaona kazi imekwisha. Akavuta droo, akatoa karatasi nne zilizobanwa pini. “Kaka, jaza hizi, halafu urudi.”

Nikajaza. Jina la kwanza, la kati na la ukoo, kwa herufi kubwa, kila herufi na kisanduku chake, na visanduku vikaniishia kabla jina halijaisha. Tarehe na mahali pa kuzaliwa. Jina la mama kabla hajaolewa. Hali ya ndoa. Idadi ya wanaonitegemea. Mwajiri, anwani ya mwajiri, kipato kwa mwezi, kipato kingine. Sahihi hapa, sahihi pale, sahihi tena kwenye mstari wenye nyota. Kila nilichoulizwa kilikuwa tayari kwenye skrini ya yule dada, isipokuwa kitu kimoja tu: namba mpya ya simu. Hiyo ilitengewa mstari mmoja, ukurasa wa tatu, chini ya kichwa kisemacho “Mengineyo”.

Niseme mapema kwamba mimi si katika wale wanaodhani benki haina haki ya kuuliza. Mwaka 1989 mataifa 7 tajiri yalikutana Paris yakaunda chombo cha kupambana na utakatishaji wa fedha, yaani kuzifanya pesa za uhalifu zionekane halali, kiitwacho kwa kifupi FATF, na mwaka uliofuata kikatoa mapendekezo 40. Shabaha ya kwanza ilikuwa pesa za dawa za kulevya. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 ikaongezwa fedha za ugaidi. Tangu hapo “mjue mteja wako” ni amri kwa benki karibu popote duniani, na anayeipuuza huumia. Mwaka 2012 benki kubwa ya Uingereza, HSBC, ilikubali kulipa dola za Marekani bilioni 1.9 baada ya pesa za magenge ya dawa za kulevya ya Mexico kupita kwenye akaunti zake. Mwaka 2024 TD Bank ya Kanada ilikiri makosa Marekani, ikalipa kama dola bilioni 3. Ningekuwa meneja wa tawi, na mimi ningeogopa.

Hata lile swali linalowachekesha watu, “Je, wewe ni raia wa Marekani?”, lina asili yake. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2010 inayozitaka benki za nchi nyingine kutoa taarifa za akaunti za raia wake, ili wasifiche mapato ughaibuni. Mwaka 2014 OECD, shirika ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, likaja na utaratibu wake wa nchi kupashana taarifa kama hizo, na nchi zaidi ya 100 zimeukubali. Ndiyo maana mtu ambaye hajawahi kupanda ndege anaulizwa analipa kodi nchi ngapi. Sawa. Uliza.

Ninachokataa ni hiki: sheria inaitaka benki inijue. Haikusema mimi ndiye niwe karani wake.

Ukiyasoma mapendekezo ya FATF yenyewe, utaona mambo mawili ambayo kaunta huwa hayatajwi. Kwanza, benki inatakiwa kupima hatari. Mteja wa hatari kubwa achunguzwe sana, na pale hatari ilipo ndogo hatua ziruhusiwe kuwa nyepesi. Msisitizo huo uliwekwa wazi zaidi mwaka 2012. Mwalimu anayepokea mshahara ule ule, siku zile zile, kutoka kwa mwajiri yule yule kwa miaka 10, hana sababu ya kujazishwa kurasa sawa na mfanyabiashara anayehamisha mamilioni kupitia visiwa asivyowahi kukanyaga. Pili, benki inatakiwa kutunza kumbukumbu za mteja kwa muda wote wa uhusiano wao, na angalau miaka 5 baada ya uhusiano huo kuisha. Maana yake fomu niliyojaza siku ya kufungua akaunti ipo. Sheria imeilazimisha benki kuitunza. Sasa kwa nini naambiwa niiandike upya kwa mkono wangu, kana kwamba iliungua?

Najua jibu, nimelisikia mara nyingi: “Tunahuisha taarifa zako.” Ni kweli, taarifa huchakaa, na benki inapaswa kuzihuisha. Watu huhama, huachishwa kazi, hufiwa. Lakini mama yangu hawezi kubadilisha jina alilozaliwa nalo, na mimi sitazaliwa mahali pengine. Kuhuisha ni kunichapia ulichonacho, kunipa karatasi moja, na kuniuliza, “Kipi hapa kimebadilika?” Nakata kilichobadilika, naandika kipya, natia sahihi, naondoka. Kompyuta iliyoniita kwa jina la tatu haiwezi kushindwa kuchapa jina hilo.

Inawezekana pia kwamba hakuna anayekataa wazo hilo, ila hakuna anayelionea haraka. Benki haipungukiwi chochote mimi nikikaa nusu saa kwenye benchi na kalamu. Muda wa mfanyakazi una mshahara nyuma yake, kwa hiyo kuna mtu anauhesabu. Muda wangu mimi hauna daftari lake. Marekani walilikabili hili upande wa serikali, kwa sheria ya mwaka 1980 ya kupunguza makaratasi: ofisi ya serikali kuu inayotaka wananchi wajaze fomu inapaswa kukadiria itawachukua muda gani, na makadirio hayo huandikwa kwenye fomu yenyewe. Fikiria fomu ya benki ingeanza na maneno haya: “Kubadilisha namba ya simu: dakika 35.” Naamini kuna mtu makao makuu angeona aibu kabla haijapelekwa kuchapwa.

Siku ile pale benchini alikaa karibu yangu mzee mmoja, miwani ameisahau nyumbani. Akaniangalia nikiandika, mwisho akasema, “Mwanangu, nisaidie na yangu.” Nikachukua fomu yake. Kwa dakika 15 zilizofuata nikajua mambo ambayo pengine hata watoto wake hawayajui: namba ya akaunti, pensheni yake ni kiasi gani, nani amemwandika kuwa mrithi na nani hakumwandika. Nilipofika kwenye “chanzo kingine cha kipato” akainamisha kichwa, akanong'ona. Nikaandika nilichonong'onezwa.

Ukutani, juu ya vichwa vyetu, kulikuwa na bango: Usimpe mtu yeyote taarifa zako za kibenki.

Mzee yule hakuwa mzembe. Herufi za fomu zilikuwa ndogo kama kumbikumbi wa mbali, na Kiswahili chake kilikuwa kile kinachotungwa na mtu asiyetarajia kusomwa: “Mimi/sisi niliyesaini/tuliosaini hapa chini nathibitisha/tunathibitisha…” Nilikisoma mara mbili kabla ya kumweleza, na bado sina hakika kama nilimweleza sawasawa. Akatia sahihi. Nani angemkatalia? Kulikuwa na watu 20 nyuma yake.

Huko Uingereza kuna mama mmoja, Chrissie Maher, aliyechelewa kujifunza kusoma hadi alipokuwa kijana. Mwaka 1979 alibeba fomu za serikali kwa mamia hadi uwanja ulio mbele ya Bunge, London, akazichanachana hadharani, na kutokana na hasira ile akaanzisha kampeni ya kudai lugha nyepesi kwenye nyaraka za umma. Mimi sina ujasiri huo, na walinzi wa benki nawaheshimu. Lakini hoja yake inafaa kaunta za leo: fomu isiyoeleweka haiijulishi benki mteja wake. Inaijulisha tu ni nani amepata msaidizi.

Na wapo wasiofika hata kwenye benchi. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wazima bilioni 1.4 hawakuwa na akaunti popote. Sababu kuu ni umaskini, hilo halina ubishi, ila kukosa nyaraka kumo kwenye orodha ya sababu wanazozitaja wenyewe.

Mtu ataniambia haya yote yanaisha, sasa kila kitu kiko kwenye programu ya simu. Nimeijaribu. Baada ya kubofya mara sita ilinipa fomu ile ile ya kurasa nne, niipakue, niichape, niijaze kwa kalamu, niipige picha, niipeleke tawini.

Turudi kwenye namba yangu. Niliporudisha fomu, dada wa kaunta aliiangalia sahihi, akageuza skrini akanionesha ile ya kwenye kumbukumbu. Niliiweka nikiwa mwanafunzi, nikiwa bado nadhani sahihi nzuri ni ile yenye mizunguko mingi. Ya sasa ni mstari na nukta. “Hazifanani, kaka.” Kitambulisho chenye picha yangu kilikuwa mkononi mwake, na mwenye sura ile alikuwa mbele yake. Nikapewa karatasi nyingine nne, kwa sababu kwenye fomu hairuhusiwi kufuta. Nikakaa benchini nikafanya mazoezi ya sahihi ya ujana wangu nyuma ya karatasi iliyokataliwa, kama mtu anayejifunza kughushi jina lake mwenyewe. Mara ya tano mizunguko ikakubali.

Niliambiwa nisubiri siku tatu za kazi. Zikapita saba, kimya. Nikarudi, nikapanga foleni, nikamkuta dada yule yule.

“Mbona tulishaishughulikia, kaka? Tulikutumia ujumbe uthibitishe, hukujibu, mfumo ukafuta ombi.”

“Ujumbe mliutuma namba gani?”

Akasoma kwenye skrini, polepole, tarakimu baada ya tarakimu. Alipofika katikati akanyamaza, maana na yeye alikuwa ameshaelewa. Ilikuwa namba ya simu iliyoibiwa.

Akavuta droo.