Kopo Lililopita Tarehe na Kopo Lililovimba

Mwezi uliopita nilikwenda Tabata kumsaidia wifi yangu kuhama nyumba, nikapangiwa kufungasha vitu vya jikoni. Nyuma kabisa ya kabati tulikuta makopo sita ambayo hakuna aliyekumbuka yalinunuliwa lini: matatu ya maharage, moja la nyama, moja la mananasi na moja la samaki wa nyanya. Wifi aliyapanga mezani, akasoma tarehe moja baada ya nyingine kwa tochi ya simu, kisha akatoa hukumu. Matano yaliyokuwa yamepita tarehe, mengine kwa miaka miwili, aliyasukumia kwenye mfuko wa taka. Lile la samaki, ambalo lilikuwa limebakiwa na miezi minane, akaliweka kwenye boksi la vitu vya kuhama navyo. Nililichukua hilo la samaki nikalibonyeza kifuniko kwa kidole gumba. Kilikuwa kimetuna, na nilipokibonyeza kikarudi juu chenyewe kwa mlio. "Wifi, la kutupa ni hili," nikamwambia. Akanijibu kwamba mimi napenda kubishana hata na maandishi.

Maandishi yenyewe yanasema nini? Kwenye makopo mengi ya madukani kwetu kuna mihuri miwili, MFG kwa siku ya kutengenezwa na EXP kwa siku ambayo sisi tunaiita ya "kuekspaya". Herufi hizo tatu zimebeba mambo mawili yasiyofanana. Kwa maziwa freshi au nyama iliyopoozwa, tarehe ya mwisho inahusu usalama wa mlaji. Kwa chakula cha kopo, inahusu zaidi ubora: mzalishaji anaahidi kwamba hadi siku hiyo ladha, rangi na ulaini vitakuwa kama alivyokusudia. Kesho yake ahadi hiyo inakoma, lakini ndani ya kopo hakuna kinachogeuka usiku huo.

Sababu iko katika namna kopo linavyotengenezwa. Chakula hufungiwa kwanza, kisha hupikwa kikiwa ndani ya kopo lililozibwa, na kwa vyakula visivyo na uchachu, kama nyama, samaki na maharage, kipimo kinachojulikana viwandani ni joto la nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika zisizopungua tatu katikati kabisa ya kopo. Joto hilo limewekwa kwa ajili ya adui mmoja hasa, bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambaye mbegu zake hazifi kwa maji ya kuchemka ya kawaida na ambaye hustawi mahali pasipo hewa. Akishaangamizwa, na kopo likabaki limezibwa, hakuna kiumbe kinachoweza kuzaliwa humo kwa sababu tu kalenda imesonga.

Ushahidi wa hili ni wa kale kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1824 nahodha wa Kiingereza William Edward Parry, aliyekuwa akitafuta njia ya bahari kaskazini mwa Kanada, alibeba makopo ya nyama ya ndama iliyookwa. Moja lilirudi Uingereza bila kufunguliwa, likahifadhiwa kama kumbukumbu, na likaja kufunguliwa na wanasayansi mwaka 1938, likiwa na umri wa zaidi ya karne moja. Nyama ilikutwa katika hali nzuri, wakampa paka, paka akala na hakudhurika. (Hakuna mwanasayansi aliyetangulia kuonja, na simlaumu.) Vivyo hivyo meli ya mvuke Bertrand, iliyozama katika mto Missouri nchini Marekani mwaka 1865, ilifukuliwa miaka 103 baadaye ikiwa na shehena yake, na mwaka 1974 wakemia walipima baadhi ya vyakula vyake, vikiwemo chaza, nyanya na matunda ya pichi. Harufu na sura vilikuwa vimeharibika, vitamini C ilikuwa imepungua sana, lakini protini ilikuwapo na hakukuwa na dalili ya vijidudu kuzaliana.

Sisemi haya ili mtu akafungue kopo la babu yake. Makopo ya zamani yalilehemiwa kwa madini ya risasi, na risasi hiyo hupenya kwenye chakula polepole. Marekani yenyewe ilipiga marufuku lehemu hiyo kwenye makopo ya chakula mwaka 1995 tu. Ninachosema ni kwamba kinachofanyika ndani ya kopo zima baada ya tarehe ni kazi ya kemia zaidi kuliko ya vijidudu, na kemia hiyo hutofautiana kati ya chakula na chakula. Maharage na nyama hulainika, hupoteza rangi na baadhi ya vitamini, basi. Nyanya na mananasi ni habari nyingine, kwa kuwa uchachu wake hula kuta za kopo. Kopo ni chuma kilichopakwa utando mwembamba wa bati, madini ambayo sisi tumelihamishia jina lake kwenye paa za nyumba, na mara nyingi juu yake kuna rangi maalumu ya kukinga. Uchachu ukipata upenyo, bati huyeyuka kidogo kidogo na kuingia kwenye chakula. Kiwango cha juu cha kimataifa ni miligramu 250 kwa kila kilo ya chakula cha kopo. Bati likizidi sana, mlaji hupata kichefuchefu na tumbo la kuhara. Wakati mwingine uchachu huo ukigusana na chuma hutoa gesi ya haidrojeni, na kopo huvimba bila bakteria hata mmoja. Aliye nje hawezi kujua ni uvimbe wa aina gani, kwa hiyo kopo lililovimba halifunguliwi, halionjwi na halisamehewi.

Hapa ndipo naona sisi wa nchi za joto tumejidanganya zaidi. Tarehe iliyopigwa muhuri inachukulia kwamba kopo litakaa mahali pakavu na pa baridi ya kadiri. Haijui habari za stoo ya mabati iliyofungwa mchana kutwa mwezi wa Februari, wala kontena lililokaa juani bandarini, wala duka ambalo rafu yake ya makopo inatazamana na jua la saa nane. Kanuni ya jumla ya kemia ni kwamba kila nyuzi kumi zinazoongezeka hukaribia kuzidisha mwendo wa mabadiliko ya kikemia mara mbili, hivyo kopo lililopikwa na jua kwa mwaka mmoja linaweza kuwa limezeeka kuliko lililokaa chumbani miaka mitatu. Tena wapo bakteria wapenda joto ambao mbegu zao huvumilia hata mapishi ya kiwandani, na ambao hulala bila madhara mpaka stoo inapopita nyuzi arobaini hivi. Baadhi yao huchachusha chakula bila kutoa gesi, kopo likabaki bapa kama lilivyotoka kiwandani. Muhuri hauna habari ya hayo yote.

Na haujui habari ya kitobo. Mwaka 1978, mjini Birmingham, Uingereza, wazee wanne waliugua baada ya kula samoni wa kopo, na wawili kati yao wakafa kwa sumu inayotolewa na yule Clostridium botulinum niliyemtaja. Kopo hilo halikuwa la kale. Lilikuwa na tundu dogo. Miaka 14 kabla ya hapo, katika mji wa Aberdeen huko Uskoti, watu zaidi ya 400 walipata homa ya matumbo, na chanzo kikafuatwa hadi kwenye nyama ya kopo kutoka Argentina. Kiwandani kule makopo yalipozwa kwa maji ya mto yasiyotiwa dawa, na kopo la moto linapopoa hufyonza. Mshono ukiwa na kasoro hata ndogo, linakunywa maji hayo. Nimewahi kuwaza mambo haya nikipita Kawe, pale palipokuwa kiwanda cha nyama ya kopo cha Tanganyika Packers, kwamba usalama wa mlaji ulikuwa mikononi mwa waliopoza makopo na kukagua mishono zaidi kuliko mwa aliyepiga mihuri.

Wenye maduka wasije wakanishika maneno. Kuuza bidhaa iliyopita tarehe ni kosa kisheria na ninaunga mkono libaki kosa, kwa sababu mnunuzi hana njia ya kujua kopo limepitia stoo gani, na mfanyabiashara mwenye mzigo uliododa si mtu wa kuachiwa aamue. Ninaongelea kopo la nyumbani, ambalo mwenyewe unajua limekaa wapi. Hilo linastahili kutazamwa: mshono una kutu, ubavu umebonyea pale panapokutana na kifuniko, kuna utelezi, likifunguliwa linaruka povu? Sumu ile iliyoua Birmingham inaweza isiwe na harufu wala ladha, hivyo kopo lenye dalili mojawapo liende taka hata kama lilinunuliwa jana.

Wifi alikubali nusu. Samaki tulimtia kwenye mifuko miwili, tukafunga fundo, tukatupa. Mananasi tuliyafungua kwa udadisi wangu. Ndani kopo lilikuwa na mabaka ya kijivu na sharubati ilinuka chuma, nikayamwaga mwenyewe kabla hajasema neno. La nyama lilikuwa na kutu kwenye mshono, sikuligombania. Maharage yalikuwa mazima, bapa, makavu, nikayachemsha dakika kumi na kitu na kitunguu, tukayala mimi na vijana wa kubeba mizigo kwa wali. Wifi alikunywa chai kwa chapati, akiwa amekaa juu ya boksi, akitutazama.