Ukuta wa Barafu Hauhitaji Kuporomoka Ili Bahari Ipande

Mwaka 2016 wanasayansi Robert DeConto na David Pollard walitoa hesabu iliyoshtua wengi: dunia ikiendelea kumwaga hewa ukaa kwa wingi, Antaktika peke yake inaweza kupandisha bahari zaidi ya mita 1 kufikia mwaka 2100. Hoja yao ilisimama juu ya umbo la ukingo. Barafu ikiishia baharini kwa ukuta wima, na ukuta huo ukapita takriban mita 100 juu ya maji, uzito wake huishinda nguvu ya barafu yenyewe. Unaporomoka, na nyuma yake unatokeza mwingine, pengine mrefu zaidi.

Kimsingi hoja haina ubaya. Ukuta wa mto wa barafu wa Jakobshavn, Greenland, hukaribia kimo hicho na humeguka kila mara. Mgogoro uko kwenye kasi. Barafu inayoelea mbele ya ukuta ikitoweka polepole, ile ya nyuma hupata muda wa kutiririka na kunyooka, hivyo ukuta hupungua kimo kabla ya kuvunjika. Vipande vilivyoanguka navyo hujazana mbele yake na kuuegemeza. DeConto na wenzake walishusha makadirio yao mwaka 2021, na modeli za mwaka 2024 za Thwaites, mto mkubwa wa barafu wa Antaktika Magharibi, hazikuona mporomoko wa namna hiyo karne hii.

Hapo ndipo wengine wanapumua mapema mno. Thwaites imekalia sakafu iliyo chini ya usawa wa bahari, tena inayozidi kina kadiri unavyoingia bara. Maji yenye joto huila kwa chini. Ikirudi nyuma hatua moja, inaegemea mahali ambapo barafu ni nene zaidi, na nene humwagika baharini kwa wingi zaidi. Johannes Weertman alilieleza hilo mwaka 1974, na halihitaji ukuta wowote kuanguka. Barafu ya Thwaites inatosha kuinua bahari duniani kwa sentimita 65 hivi.

Wanaopunguza hofu nao wana la kujibu kuhusu Larsen B, barafu iliyoelea pembeni mwa Antaktika: haikutoweka polepole bali ilisambaratika ndani ya wiki chache mwaka 2002, na mito ya barafu iliyokuwa ikizuiwa nayo ikaongeza mwendo.

Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, ilisema kupanda kunakokaribia mita 2 kufikia 2100 hakuwezi kufutwa, ingawa kwa imani ndogo. Kwa maoni yangu, namba hiyo isipangiwe kila gati, kwa sababu gati huongezwa kimo baadaye. Ipangiwe mtambo wa nyuklia ulioko pwani, ambao ukishajengwa hauhamishiki.